Steringi aliyekubali kufa: jibu kwa mwigizaji aliyeuliza Amitabh Bachchan amedumu vipi

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwigizaji, nina miaka 43, nimecheza tamthilia na muvi kadhaa. Zamani nilikuwa nachezeshwa steringi, siku hizi kila nikiitwa ni baba wa msichana, nakaa kwenye kochi nasema mwanangu kuwa makini na huyo kijana, basi sini yangu imeisha. Naona kama ndo naondoka hivo. Mama yangu ni mtu wa picha za Kihindi tangu ujana wake, kila nikilalamika ananiambia mwangalie Amita Bachani, mbona yule mzee bado yupo. Sasa nakuuliza wewe, huyu mzee amedumu vipi hasa? Ni kweli aliwahi kufilisika? Na staa mkubwa vile alienda kufanya nini kwenye chemsha bongo ya TV? Mama naye ana lake, anasema alipoenda kuangalia Coolie kuna sehemu picha ilisimama ghafla, ukumbi mzima wakaanza kumpigia opereta miluzi, mpaka leo hajui ilikuwa nini."

Marahaba mdogo wangu, na mama mpe shikamoo yangu. La mama nitalijibu mwisho kabisa, maana linastahili nafasi yake na pia linafunga mambo mengi ntakayoyasema hapa.

Nianze na jibu lenyewe alafu nilieleze. Amitabh Bachchan hajadumu kwa sababu alikuwa steringi mkubwa, masteringi wakubwa India walikuwepo wengi na wengi tumewasahau. Amedumu kwa sababu alipofika miaka 57, hana pesa, picha zinaanguka, alikubali kuacha kuwa steringi, akaenda mwenyewe kuomba kazi ya mtu mzima, na hiyo kazi ya mtu mzima akaifanya kwa bidii ileile aliyoifanyia kazi ya ujana. Hicho kiti cha baba unachokilalamikia wewe, yeye ndo kimemuweka mjini miaka 25 sasa.

Lakini turudi nyuma kwanza, manake bila kujua alikuwa nani huwezi kuelewa alichokiacha.

Amezaliwa tarehe 11 Oktoba 1942, Allahabad. Baba yake, Harivansh Rai Bachchan, alikuwa mshairi mkubwa wa Kihindi, mtu ambaye mashairi yake watu waliyajua kwa moyo, na hili usilipite haraka. Huyu mtoto amekulia kwenye nyumba ambayo neno linapimwa kabla ya kutamkwa. Kabla ya sinema alikuwa mfanyakazi wa ofisini Calcutta, kampuni za biashara na meli, mtu wa mshahara kabisa. Alijaribu kuomba kazi ya utangazaji redio ya taifa, wakamkataa, sauti ile ile ambayo leo dunia nzima inaijua. Alafu kazi yake ya kwanza ya filamu, mwaka 1969, wala haikuwa kuonekana, ilikuwa kusimulia tu kwenye filamu ya dairekta Mrinal Sen. Mwaka huohuo akapata nafasi kwenye Saat Hindustani, mmoja kati ya watu saba, na hapo ndo ikaanza miaka minne ya shida. Mrefu sana, mwembamba, sura haikuwa ile sura laini ya mapenzi iliyokuwa inauza wakati ule, picha moja baada ya nyingine inaanguka. Ilikuwepo Anand ya 1971 ambayo alicheza daktari mkimya pembeni ya Rajesh Khanna na watu wakamuona, lakini kama mtu wa mbele alikuwa hauzi.

Mwaka 1973 ndo Zanjeer. Mastaa kadhaa walishaikataa. Waandishi wake, Salim na Javed, walimuona kwenye picha ya vichekesho ya mwaka uliotangulia, kuna sini anapigana huku anatafuna bazoka na hata akiangushwa chini akiinuka bado anatafuna, wakasema huyu ndo tunayemtaka. Akachezeshwa inspekta anayeitwa Vijay, mtu asiyecheka, na India nzima ikageuka. Wakati ule vijana wamesoma hawana kazi, bei zinapanda, mwaka 1974 reli nchi nzima zikagoma, mwaka 1975 serikali ikatangaza hali ya hatari, kwa hiyo watu walikuwa wamechoka na steringi anayeimba kwenye bustani, walikuwa wanataka mtu mwenye hasira kama yao. Jina Vijay amelibeba kwenye picha nyingi sana baada ya hapo, Deewaar, Trishul, Don, Kaala Patthar, Shakti, mpaka watu wakaona kama ni mtu mmoja anayeishi maisha mengi.

Sasa Deewaar, mwezi wa kwanza 1975. Mimi niliiona miaka kadhaa baadaye Dar, pale Avalon, kaka yangu alinipeleka, nikiwa na miaka tisa hivi. Nakumbuka mambo mawili. Moja ni ile sini ya ghala. Vijay ni kuli wa bandarini, wahuni wanamtafuta mji mzima, wanarudi kwenye ghala lao wanamkuta yeye kakaa kwenye kiti kanyoosha miguu anawasubiri. Anainuka polepole, anafunga mlango kwa ndani, funguo anamrushia mkubwa wao, anamwambia iweke mfukoni, ntakuja kuichukua. Hapigi kelele. Ukumbi mzima pale Avalon ulikuwa unapiga kelele kwa niaba yake. Na lile shati lake la kuli lililofungwa fundo kiunoni, ambalo vijana wa mjini wote waliliiga, mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba fundi alikosea akalishona refu mno, hawana muda wa kushona jingine, akalifunga fundo mbele akaingia kazini. Huyo ndo mwigizaji, anachukua kosa la fundi analigeuza mtu.

La pili ni billa yake, yani beji yake ya kuli, namba 786. Kuna mzee Mwislamu pale bandarini anamueleza maana ya hiyo namba, kwamba ni Bismillah, aitunze, na kweli kuna siku risasi inagonga ile billa anapona. Wewe fikiria ukumbi wa Dar, au Unguja, au Mombasa, watu wanaona 786 kwenye kifua cha steringi, hawahitaji kutafsiriwa kitu. Mwishoni billa inamdondoka, na wote mle ndani tukajua kimeisha. Anapigwa risasi na mdogo wake wa damu ambaye ni polisi, anajikokota mpaka hekaluni anafia mikononi mwa mama yake.

Na hapo ndo nililia, na sio mimi tu. Si unajua sheria yetu ya mtaani kwamba steringi hafi? Tulikuwa tunabishana kwa sheria hiyo, mtoto akikusimulia picha ukamuuliza steringi alikufa, anakuona hujui kitu. Huyu alikuwa anakufa. Alikufa Deewaar, akafa Sholay mwezi wa nane mwaka huohuo, akafa Muqaddar Ka Sikandar, akafa Shakti, akafa Agneepath. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba hapo ndo nguvu yake ilipokuwa, hakuwa anaogopa kuonekana ameshindwa. Kumbuka hili tukifika kwenye miaka ya 90.

Nisiseme sana kuhusu umaarufu wenyewe, mama yako ataumalizia. Sholay ilikaa jumba la Minerva kule Bombay, ndo Mumbai ya leo, miaka mitano. Huku kwetu kila mji wa pwani una hadithi zake, Unguja wazee wanasimulia kopi moja ya picha inaonyeshwa kumbi mbili usiku mmoja, kijana wa baiskeli anakimbiza mikanda kutoka ukumbi mmoja kwenda mwingine, baiskeli ikipata pancha watu huku wanakaa gizani wanasubiri.

Ila wewe kama mwigizaji nataka uangalie kitu kingine kwenye miaka ile. Angalia Amar Akbar Anthony, 1977, ile sini kalewa, kapigwa usoni, anasimama mbele ya kioo anaongea na sura yake, anaihurumia, anaisema, alafu anachukua plasta ya kidonda anaibandika kwenye kioo badala ya usoni. Dakika kadhaa, mtu mmoja, kioo kimoja, hakuna wa kumsaidia. Yule mtu wa hasira kumbe ndo mchekeshaji mzuri kuliko wachekeshaji. Na ujue picha za Kihindi za wakati ule sauti ilikuwa inaingizwa studio baadaye, yani ule ulevi aliucheza mara mbili, mara ya kwanza kwa mwili mbele ya kamera, mara ya pili kwa sauti peke yake kwenye chumba cha kurekodia akiangalia midomo yake mwenyewe. Ukiwaza hivo utaelewa ile sauti haikuja bure.

Mwaka 1982 akaumia, hilo nimesema la mwisho. Mwaka 1984 akaingia siasa kwa urafiki wake na Rajiv Gandhi, akashinda ubunge Allahabad kwa kura nyingi mno, miaka mitatu akajiuzulu baada ya jina lake kutajwa kwenye kashfa ya mizinga ya Bofors, kampuni ya Sweden, na ilichukua mpaka 2012 ndo yule mpelelezi mkuu wa Sweden akasema wazi hakukuwa na ushahidi wowote juu yake. Miaka 25 mtu anabeba hiyo. Mimi sini za siasa haziniingii sana, tuendelee.

Sasa kuanguka kwenyewe. Ndio, ni kweli, alifilisika, na ilikuwa vibaya kuliko watu wanavyofikiria. Katikati ya miaka ya 90 alianzisha kampuni yake, ABCL, wazo lilikuwa zuri tu, kutengeneza filamu, kusambaza, kusimamia wasanii, matamasha, yote kwenye mfumo wa kampuni ya kisasa wakati sinema ya India bado inaendeshwa kwa pesa za mfukoni na maneno ya mdomo. Wakaandaa Miss World kule Bangalore mwaka 1996, wakapata hasara kubwa. Wakatengeneza picha ya kumrudisha yeye mwenyewe, Mrityudaata, 1997, ikaanguka. Mwenyewe ameshasema madeni yalifika rupia milioni 900 na kesi 55, wadai wanakuja mpaka mlangoni nyumbani kwake, na alikuwa ameweka sahihi yake kama mdhamini kwa hiyo hakuwa na pa kujificha. Watu walimshauri aifilisi kampuni kisheria aanze upya, yeye akaamua atawalipa wote.

Hapa nisimame kidogo mdogo wangu, kwa sababu naona wenzetu wengi wa bongo muvi wakishapata jina wanafungua kampuni, wananunua kamera, wanadhamini mikopo kwa jina lao, na hakuna mtu wa mahesabu anayewaambia hapana. Ukifungua kampuni tafuta mtu wa hesabu asiyekuogopa. Ni hilo tu.

Lakini pesa haikuwa tatizo la uigizaji, tatizo la uigizaji lilikuwa jingine na ndo linakuhusu. Angalia picha zake za 1997 mpaka 1999. Mtu ana miaka 56 bado anachezeshwa steringi, anapigana na wahuni kumi, anaimba na wasichana wa umri wa binti yake wa kumzaa. Lal Baadshah ni mfano, mimi nimeiangalia mara mbili kwa ajili ya kufundishia na kila mara naumia, kwa sababu kipaji kipo palepale, sauti ipo, macho yapo, lakini kila kitu kinachomzunguka kinamlazimisha kudanganya umri wake. Watazamaji hawakumchukia, walimuonea aibu, ambayo ni mbaya zaidi.

Alafu ikaja ile asubuhi. Amesimulia mwenyewe mara nyingi. Yash Chopra, dairekta aliyemtengenezea Deewaar, alikuwa jirani yake kule Mumbai. Bachchan akaamka akatembea kwa mguu mpaka kwake, akamwambia sina kazi, hakuna anayenipa kazi, naomba unipe nafasi kwenye filamu. Basi. Mtu ambaye miaka 15 nyuma maprodyuza walikuwa wanapanga foleni mlangoni kwake. Nafasi aliyopewa ilikuwa Mohabbatein, iliyotoka Oktoba 2000, mkuu wa shule mkali, mzee asiyetaka wanafunzi wake wapendane, na steringi alikuwa Shah Rukh Khan. Yani yule aliyekuwa Vijay akawa ndo ukuta ambao kijana anatakiwa kuubomoa. Na akacheza kama ukuta kweli, hachezi kama mtu anayetaka tumpende. Kuna sini wamesimama wawili tu wanajibizana, mwangalie mikono yake, haitembei hata kidogo. Shah Rukh anatembea, anatabasamu, anainamisha kichwa, mzee kasimama, na bado macho yako yanarudi kwa mzee. Hii ndo silaha ya mtu mzima kwenye fremu, kutulia, na vijana hawawezi kuifanya hata wakijaribu, kwa sababu damu zao bado zinawachemka.

Na TV ilikuja miezi michache kabla ya hapo, tarehe 3 Julai 2000. Kaun Banega Crorepati, mchezo uliotoka Uingereza, maswali unajibu mpaka ufike rupia milioni 10. Watu wake wa karibu walimwambia asiende, kwamba mtu aliyezoeleka kwenye skrini ya ukubwa wa nyumba akiingia kwenye kisanduku cha sebuleni atapungua. Wakati ule staa kufanya TV India ilikuwa ni kama kutangaza umeisha. Yeye alienda kwanza kwa sababu alikuwa anahitaji pesa, wala hajawahi kuficha, lakini alichokifanya pale ndo cha kusoma. Kaa uangalie vipindi vya mwanzo. Anamvutia kiti mshiriki. Mshiriki akilia anainuka anampelekea tishu mwenyewe. Anazungumza Kihindi safi cha nyumbani kwa mshairi, sio kile cha kuchanganya na Kiingereza kilichokuwa kinatamba TV wakati ule, na mkulima aliyetoka kijijini anajisikia ameitwa kwenye baraza la heshima. Wakati India inamjua kama mtu wa hasira, pale wakamjua kama mtu anayesikiliza. Usiku mmoja mmoja, sebule moja moja, akawafundisha watazamaji wake kumpenda akiwa mzee. Hii ndo sababu TV haikumpunguza, ilimtengenezea umri. Na tangu wakati huo msimu mmoja tu, wa 2007, ndo aliendesha mtu mwingine, Shah Rukh huyohuyo, misimu mingine yote ni yeye.

Baada ya hapo mlango ukafunguka. Black, 2005, mwalimu wa mtoto kiziwi na kipofu, mwalimu ambaye baadaye anapoteza kumbukumbu. Paa, 2009, ana miaka 67 anacheza mtoto wa miaka 12 mwenye ugonjwa wa kuzeeka haraka, na anayecheza baba yake ni mwanawe wa kumzaa, Abhishek, alikuwa anakaa masaa kwenye kiti cha mekapu kabla hata kazi haijaanza. Pink, 2016, wakili. Gulabo Sitabo, 2020, mzee bahili wa Lucknow mwenye pua ya bandia na mgongo uliopinda, humtambui. Kalki, 2024, miaka 81, anapigana kama shujaa wa kale asiyeweza kufa. Tuzo ya taifa ya mwigizaji bora amechukua mara nne, na tatu kati ya hizo, Black, Paa na Piku, zote ni za baada ya miaka 60. Ile moja ya kabla ni Agneepath ya 1990, ambayo alibadilisha sauti yake ikawa ya kukwaruza, watu wakalalamika hawamsikii vizuri, picha haikuuza, lakini tuzo akapata.

Wengi watakwambia Black ndo kubwa. Mimi nakataa, kwangu ni Piku, ya 2015, na wewe hasa ndo nataka uiangalie wiki hii kwa sababu ni hiyohiyo nafasi yako. Baba wa msichana. Anakaa kwenye kochi. Kazi yake ni kulalamika kuhusu choo, hapati choo, kila mtu anayeingia ndani lazima asikie habari za choo chake, anamkatisha binti yake kazini kwa simu kuhusu choo. Kwenye skripti ya dairekta mvivu huyo baba ni sini mbili za kuchekesha. Lakini mwangalie anavyokaa. Kofia ya sufu imefunika masikio kana kwamba baridi inamtafuta yeye tu, tumbo limetangulia, anaongea Kihindi chenye lafudhi ya Kibengali, anapima joto la mwili wakati haumwi. Kila kitu anachokigusa kina historia. Kuna safari ya gari kutoka Delhi mpaka Kolkata na kile kiti chake cha choo kimefungwa juu ya gari, na unamuelewa kabisa kwa nini hawezi kusafiri bila nacho, anaogopa kufa bila heshima. Alafu siku moja anachukua baiskeli peke yake, hajamuaga mtu, anazunguka mji wa ujana wake, anakula vitu vya barabarani alivyokatazwa, anarudi kaloa jasho na furaha, anajibu wanaomfokea kama mtoto. Asubuhi yake wanamkuta amefariki usingizini.

Umeona? Steringi amekufa tena. Safari hii hana risasi, hana hekalu, kitanda tu.

Sasa wewe na kochi lako. Usiniambie wamekupa mstari mmoja, mwanangu kuwa makini. Kabla hujausema jiulize huyu baba amerudi kutoka wapi, miguu inamuuma, anadaiwa, yeye mwenyewe alipokuwa kijana alimfanyia nini binti wa mtu mpaka leo anaogopa? Ukishajua, huo mstari unaweza kuusema huku unavua soksi na dairekta mwenyewe atakuongezea sini, nimeshuhudia kwa wanafunzi wangu zaidi ya mara moja. Na fanya kazi ya Kiswahili. Wewe ni wa Tanga, una Kiswahili ambacho watu wa Dar wanakililia, hicho ndo baba yako mshairi. Soma kwa sauti kila siku, tenzi, gazeti, chochote, mpaka sentensi ndefu isikukate pumzi. Na kama kuna dairekta uliyewahi kufanya naye kazi nzuri na sasa yuko kimya kwako, nenda kwake kwa mguu umwambie sina kazi. Usisubiri akuone status.

Kitu kingine ambacho watu hawakiangalii ni mwili wake. Huyu mzee ana ugonjwa wa kuchosha misuli uliogundulika miaka ya 80, aliugua kifua kikuu mwaka 2000 wakati anaendesha ule mchezo wa TV, anakunywa dawa anaingia kazini, na ini lake robo tatu limekufa, anaishi na robo iliyobaki. Hili la ini limetokana na ile ajali ya Coolie, na hapo ndo nafika kwa mama.

Mama, hakukuwa na kosa la opereta. Tarehe 26 Julai 1982 walikuwa Bangalore wanapiga sini ya ugomvi ndani ya chumba. Bachchan alitakiwa apigwe ngumi alafu aangukie meza. Akaruka mapema kidogo, kona ya meza ikamuingia tumboni, utumbo ukapasuka. Alipelekwa hospitali akafanyiwa upasuaji, akahamishiwa Breach Candy kule Bombay, na tarehe 2 Agosti ilifika mahali madaktari wanamuona kama ameshaondoka, wakamchoma sindano za kuushtua moyo, mke wake Jaya akaona kidole cha mguu kimecheza. Nje watu wamejaa barabarani wanaomba dua kwa kila dini. Damu aliyoongezewa ilitoka kwa watu karibu 200, na kati yao kuna mmoja alikuwa na homa ya ini aina ya B, hakuna aliyejua mpaka miaka ya 2000 alipopimwa. Kuli Iqbal, ndo yule Bachchan aliyemcheza kwenye Coolie, alikuwa na billa ya 786 tena, mama atakuwa anakumbuka, na yule ndege wake mwewe.

Dairekta Manmohan Desai alipomaliza picha aliamua ile sini isikatwe. Ikifika pale ngumi inapopigwa picha inasimama, na maandishi yanatokea kwenye skrini kueleza kwamba hapa ndipo Amitabh alipoumia. Kwa watu wa huku ambao maandishi yale hawakuyasoma, ilionekana kama mkanda umenasa, ndo maana ya ile miluzi.

Na mwisho wa skripti ya kwanza Iqbal alikuwa anapigwa risasi anakufa. Desai aliubadilisha, akasema hawezi kumuua kwenye picha mtu ambaye nchi nzima imemuombea apone. Kwa hiyo mama aliporudi nyumbani jioni ile na kuwaambia wenzake steringi kapigwa risasi na hakufa, alikuwa anasema kweli.